Nganda ya muzee wa madisiki pale Kamalondo: hapa wimbo ya miaka ya 80 banaiacha mpaka inaisha

Kama uko Lubumbashi na unapenda muziki ya miaka ya 80, dimanshi yenye inakuja usibakie ku nyumba, panda taksi uende Kamalondo. Kuko nganda moja kule, baa ya ndani ya parseli, haina kibao kwa mlango, bantu banaiita tu kwa muzee wa madisiki na motari yeyote wa pale anaijua. Nimeenda mara mingi, mchana na usiku, bageni ba Likasi na ba Kolwezi nimeshabapeleka, na sasa naona nibaandikie juu kila siku bantu banasifu terasi za mjini zenye taa ya bluu na viti vya ngozi, halafu hapa penye muziki yenyewe inachezwa sijaona mwenye anapasema.

Jambo ya kwanza ya kujua, na kwangu njo kubwa kupita zote: hapa wimbo haikatwe. Inaanza penye disiki inaanzia na inaisha penye disiki inaishia. Utaniambia hiyo ni kitu gani ya kusifu, lakini pita ku terasi zingine jioni usikie. DJ iko na laptopu, anatafuta wimbo ya orkestra Zaiko, anaruka maneno yote ya mbele, anafika moja kwa moja ku sebene, ile sehemu ya gitaa za kuchezea, dakika mbili, bantu banainuka, wakati mwili inaanza kupata moto anakata anaweka ingine, na hii pia ku sebene tu. Kijana mwenye alizaliwa mu 2000 akisikia vile kila dimanshi ataamini kama muziki ya bazazi bake ilikuwa gitaa za mbio na muntu wa kulalamika juu yake. Haiko vile kabisa. Wimbo ya ile wakati iko na sehemu mbili. Mbele kuko ya pole, mwenye kuimba anakueleza shida yake, bengine banamuitikia kwa sauti tatu nne zenye zimepangwa, gitaa zinatembea chini chini. Kiisha kuko pahali pamoja ngoma inakaza, gitaa ya solo inapanda juu, benye kuimba banaachia nafasi, na sebene inaingia. Utamu ya sebene inatoka mu ile kungojea, mwenye hakungojea inamupita tu ku masikio.

Chukua Mario ya Franco na TPOK Jazz, ya 1985. Wimbo inapita dakika 10 na kila dakika iko na kazi yake. Madilu System anaimba, Franco mwenyewe anaingia na ile sauti nzito, anaongea sawa mukubwa wa familia mwenye ameita kijana pembeni: Mario ni kijana wa masomo, lakini anaishi kwa mama mwenye feza mwenye anamupita miaka, mama anamulisha, na sasa mama amechoka. Iko mu Lingala, lakini hapa Kamalondo hata benye Lingala yabo ni ya kubahatisha banaifuata neno kwa neno. Franco anauliza, anakemea, anarudia, gitaa zinazunguka pale pale bila haraka, na wewe mwenye kusikia unaanza kumujua Mario wa ku avenue yako. Sasa DJ akikuwekea mwisho tu, umesikia nini? Umesikia gitaa. Mario haukumusikia.

Niseme pahali penyewe panafanana namna gani. Ni parseli ya zamani ya Kamalondo, kiwanja ya udongo wenye bameipiga maji mpaka haitoe vumbi, muti ya manga katikati, viti vya plastiki na meza za chuma. Chumba moja ya mbele imefunguliwa dirisha kubwa, na ndani ya ile dirisha njo muzee anakaa na mashini ya disiki, ampli, dek ya kaseti na madisiki yake yenye imejaa ukuta mpaka juu. Hakuna taa za kuwakawaka. Kuko balbu moja ya njano juu ya mashini, juu anahitaji kuona mistari ya disiki.

Sauti njo nitaongea sana, munisamehe. Iko na bafle mbili za mbao, kila moja ku pembe yake ya kiwanja, zimepandishwa ku matofali juu ya mvua. Kwa mara ya kwanza nilifikiri ni juu ya kujaza sauti fasi yote, lakini kaa katikati, karibu na muti, utaelewa. Disiki mingi za ile miaka balizirekodi mu stereo kwa akili, gitaa moja banaiweka upande wa kushoto, ingine upande wa kuume. Mu nganda mingi bameunga bafle zote ku waya moja, kwa hiyo gitaa zote zinatoka pamoja sawa uji. Hapa unasikia solo inatoka kule ku pembe ya choo, ile ya kusindikiza inatoka huku ku jiko, na mi-solo, gitaa ya katikati yenye kuziunganisha, inapita katikati ya kichwa yako. Baso inasikika sawa sawa bila kukupiga kifua, na unaweza kuongea na rafiki yako bila kukauka koo. Nilikuwa najua zile nyimbo toka utoto na kuko gitaa zingine nilizisikia kwa mara ya kwanza mu ile kiti.

Halafu mwangalie muzee anavyotumika. Anatoa disiki ku mfuko kwa kuishika ku ukingo tu, vidole havigusi mistari, anaiinamisha chini ya balbu anaiangalia pande mbili. Kama iko na vumbi anachukua kitambaa ya pamba yenye ameloweka maji kidogo, anapangusa kwa kuzunguka, kufuata mistari, hapana kukatisha, kiisha anakausha na ingine. Sindano anaifagilia na ka-burashi kadogo, toka nyuma kuja mbele. Halafu anashusha mukono wa mashini polepole kabisa na kile kishindo kidogo cha sindano kinasikika ku bafle, na hapo bapapa benye banamujua banaacha kuongea. Hana haraka hata kidogo, na kama weye ni muntu wa haraka utaona inachelewa, kati ya disiki na disiki kunapita dakika moja ao mbili ya kimya. Miye naipenda ile kimya, inakupa nafasi ya kuongea juu ya wimbo yenye imeisha.

Kuran ikikatika, na munajua inakatika, iko na batri mbili kubwa zenye zinashika mashini na ampli. Balbu za kiwanja zinazimika, jiko inabakia na makaa, lakini disiki haipunguze hata mwendo. Kwa ile tu muzee anastahili heshima, juu wimbo kufia katikati ya sebene ni kitu inauma.

Kuomba wimbo kuko na kanuni. Anaandika mu kaye, kila meza na zamu yake, na ukiomba wimbo yenye iko ku disiki kubwa anacheza upande wote. Usiogope, disiki kubwa za ile wakati kila upande mara mingi iko na nyimbo mbili tu, juu nyimbo zenyewe zilikuwa ndefu. Kwa hiyo ukiomba ile unayoijua, unapata na ndugu yake yenye haukuijua. Njo vile nilikutana na nyimbo mingi za Simaro Lutumba, nilikuwa nimeomba Maya ya 1984 yenye Carlyto anaimba, na toka ile siku natafuta kila kitu yenye Simaro alitunga. Ukiwa na bahati atakuruhusu ushike mufuko wa disiki usome: Visa 80, Edipop, Choc 8000, zote nyumba za Franco za kutoa disiki, ao Genidia ya Tabu Ley. Picha za nguo za ile wakati peke yake zinastahili safari.

Kaseti nazo ziko mingi, na hapa kuko historia yenye bavijana baijue. Mu miaka ya 80 uchumi ya Zaïre ilikuwa inaanguka, nyumba za kuchapa disiki za Kinshasa zikalegea, na banamuziki bengi bakaenda kurekodi Paris na Bruxelles. Disiki ikichapwa Ulaya, mpaka ifike huku Katanga bei yake haikuwa tena ya mutumishi wa kawaida. Njo kaseti ikashika inchi: muntu moja wa avenue iko na orijinali, bengine bote banakopi, na kopi inakopiwa tena. Benye kuimba habakupata kitu mu ile kopi, hiyo ni haki kuisema, lakini bila kaseti wimbo haingefika Kipushi, haingefika Kasumbalesa, haingevuka Zambia. Sasa sikia: kaseti ya dakika 90 iko na 45 kila upande. Ukipanga nyimbo za dakika kumi na zaidi, ya mwisho inakatika tu kamba ikiisha. Kuko bapapa bakubwa hapa benye balikuja kusikia mwisho ya nyimbo zingine kwa muzee, juu kaseti ya kwabo ilikuwa inaishiaka katikati. Nimemuona papa moja amesimama, chupa mu mukono, anasikia sebene inazimika polepole kama imepangwa, anatikisa kichwa: "Kumbe njo inaisha hivi." Watoto bake balikuwa banamucheka na yeye hata hakubaona.

Baimbaji banamama banapata nafasi yabo sawa, na hii pia sioni mu terasi mingi. M'bilia Bel, toka aingie Afrisa, orkestra ya Tabu Ley, mu 1981, ni sauti yenye haikuwa na mwenzake, haipige kelele, inakaa juu ya gitaa sawa inaelea, na bamama ba hapa banaijua yote, ukiweka Nakei Nairobi hakuna mwenye anabakia amefunga kinywa. Abeti Masikini na Je suis fâché ya 1986, bamama banaicheza wakiangalia mabwana babo usoni. Lakini mwenye anapewa kiti ya kifalme hapa ni Tshala Muana, juu ni mutoto wa hapa, alizaliwa mu hii muji mu 1958, mbele ya jina yake kupanda alikuwa muchezaji wa muimbaji M'Pongo Love, kiisha akafanya mutuashi, muchezo ya Kasai, ijulikane inchi mingi. Alikufa Kinshasa mwezi wa 12 mwaka 2022, na toka pale muzee anafungua kila dimanshi na disiki yake. Akiweka Karibu yangu, Swahili yetu ku bafle, parseli yote inaimba na hata mama wa jiko anaacha makaa.

Na hapo ninakuja ku saa yenye naipenda kupita zote. Jua ikianza kushuka, muzee anageukia muziki ya Afrika ya mashariki. Bantu banasahau kama banamuziki ba huku Kongo hababakiaka Kinshasa tu ao Paris, bengi balienda Nairobi na Dar es Salaam, na kule balilazimika kuimba mu Swahili. Orkestra Maquis du Zaïre balitoka Kamina, Kamina yetu hapa, bakafika Dar es Salaam mu miaka ya 70 na mu miaka ya 80 muji yote ilikuwa inacheza staili yabo ya kamanyola. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, mbali kabisa na huku, lakini Nairobi orkestra yake aliipa jina ya Virunga, milima ya Goma. Na Remmy Ongala, mwenye alizaliwa Kindu mwaka 1947, alifika Dar mu 1978 kwa Orchestra Makassy, kiisha akaongoza Super Matimila, na mu 1989 Real World ya Peter Gabriel ikatoa disiki yake Uingereza. Remmy akianza kuimba juu ya bamaskini, juu ya kifo, juu ya ubaguzi, hakuna mwenye anauliza jirani "anasema nini?" Lingala tunaipenda lakini bengi tunaisikia nusu. Remmy tunamusikia yote, neno moja moja, na unaona namna kiwanja inatulia. Natamani redio zetu za Lubumbashi bangempa hata saa moja mu wiki.

Muziki ya inchi zingine iko lakini si nyingi. Kassav' na Zouk la sé sèl médikaman nou ni ya 1984, Alpha Blondy na Jérusalem yenye alirekodi na The Wailers mu 1986, Lucky Dube na Slave ya 1987, Michael Jackson na Thriller ya 1982 yenye disiki yake imechoka mpaka inalia sawa mafuta ku sufuria. Ukitaka usiku mzima ya Marekani, tafuta fasi ingine.

Sasa niongee juu ya bavijana, juu kuko benye banasema hii ni nganda ya bazee. Haiko kweli. Pita pale dimanshi saa tisa, saa kumi hivi, kiisha misa na ibada, utaona bavijana bane batano bamekaa karibu na bafle, habana hata chupa, ni Fanta moja na telefone ya kurekodi. Ni bapiga gitaa ba makanisa. Kila mwenye anasali huku Lubumbashi anajua, wimbo ya sifa inaanza pole, machozi, mikono juu, halafu kwaya inaachia, gitaa inapanda na kanisa yote inacheza. Ile mupango si ya jana. Ni mupango wa orkestra za ile wakati, wa Zaiko, wa Viva la Musica, wa Empire Bakuba, bamebadilisha maneno tu, na bavijana banajua vizuri, njo maana banakuja kuisoma. Siku moja kijana anainama ku dirisha anauliza kwa adabu, "Papa, samahani, ile gitaa ya katikati inafanya nini?" Muzee anamuambia, "Ile njo mi-solo, mwanangu. Usiangalie solo, solo inakudanganya. Sikia ile." Kijana anamuomba arudishe nyuma pale pale. Muzee anakataa kabisa kuinua sindano, "ngojea iishe", na ikaisha, na akaiweka tena toka mwanzo, wimbo yote, na kijana kidole zake zinatembea ku paja kama iko na kamba. Hakuna mwenye alilalamika, na kaye ilikuwa na zamu mingi.

Na kama unasikiliza vizuri pale, njia yote toka kule mpaka leo inaonekana wazi. Koffi Olomidé anaanzisha Quartier Latin mu 1986, na mu ile orkestra, miaka yenye ilifuata, banapita Fally Ipupa na Ferre Gola. Bavijana ba Wenge Musica banatoa Bouger Bouger mu 1988, na kwabo njo ndombolo ya miaka ya 90 inatoka. King Kester Emeneya na Nzinzi mu 1987 anaweka sintetiza mbele, bazee ba ile wakati balinung'unika, leo hakuna orkestra bila klavye. Ba-atalaku ba Zaiko benye balianza kuita majina na kucheza na sauti juu ya sebene mu miaka ya 80, leo muziki ya coupé-décalé ya Côte d'Ivoire iko na watu bake ba vile vile. Hata Colombia, ku pwani ya Cartagena, bantu balichukua disiki za huku bakatoa muziki yabo ya champeta. Wakati UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili ku orodha yake mwezi wa 12 mwaka 2021, miye nilifurahi, lakini sikushangaa.

Kuko jambo moja niliongea na muzee na hatukusikilizana kabisa. Yeye anasema kukata sehemu ya pole ni zambi ya DJ ba leo. Miye nikamuambia, kwa haki, ilianza ile ile miaka ya 80, ku Paris. Kanda Bongo Man alipunguza ile ya mbele, akaruhusu gitaa ya Diblo Dibala iingie mapema na irudi irudi, na kiisha Loketo, orkestra ya Aurlus Mabélé na Diblo, bakaenda mbio zaidi, muchezo ya kwassa kwassa ikapanda. Lakini kuko tofauti: bale batungaji balijenga wimbo yote iwe vile, na ukiiweka toka mwanzo mpaka mwisho inasimama. DJ mwenye anachukua wimbo ya Madilu anaichana katikati hajenge kitu. Muzee alinisikia, akakaa kimya, kiisha akaweka Kanda Bongo Man, yote, na aliicheza na kichwa.

Chakula ni ya kweli. Michopo iko laini, na pilipili na kitunguu mubichi pembeni, bukari inakuja moto, samaki thomson ya mama inakaangwa mpaka mifupa midogo inavunjika mu meno, sombe yake haina mafuta ya kuzidi. Shida ni kungojea. Jiko ni moja, mama ni moja na mutoto wa kumusaidia, na kiwanja ikijaa unaweza kuagiza michopo mwanzo wa upande A na ikafika disiki tatu mbele. Agiza ukiingia tu. Bia ni baridi, Simba na zingine za kawaida, inapita bei ya jirani kwa franka mia tano hivi, na miye nalipa bila kunung'unika juu sindano za mashini hazipatikane ku soko ya komini Kenya.

Choo ni kazi. Ni moja kwa bantu bote, mlango yake haifunge vizuri, na mara mbili nimeikuta bila taa, beba telefone yako. Bamama benye nilienda nabo balilalamika na bako na haki, muzee anapaswa kujenga ya pili, nafasi iko nyuma ya jiko. Kingine, kiisha saa tatu ya usiku baa ya jirani inafungua muziki yake ya nguvu na zile sauti mbili zinapigana, hapo katikati ya muti haisaidie tena, rudi tu ku nyumba. Na kama weye ni wa kuomba nyimbo za mwaka huu, usijaribu, atakuambia kwa upole mara ya kwanza na mara ya pili hatakuandika mu kaye.

Kwa hiyo: muziki na sauti siwezi kuondoa hata alama moja, chakula nne ku tano, choo moja na nusu. Mwenye anapenda muziki ya ile miaka aende, na mwenye hajaijua aende mbele ya bengine bote, akae chini ya muti ya manga na aombe Mario.

Anafungua samedi na dimanshi, toka saa nane ya mchana. Fika mbele ya saa kumi kama unataka kiti ya katikati. Beba makuta madogo madogo, monnaie ni shida. Kama uko na kaseti za zamani ku nyumba mupelekee, anazihamisha ku flash kwa bei ya kusikilizana, na hata ile yenye mukanda wake umelegea ao ka-sponji ka ndani kametoka anaweza kuitengeneza, anatoa ka-sponji ku kaseti ingine yenye imekufa. Na kama kwenu, ku plafo ao mu masanduku ya muzee mwenye alitumika Gécamines ao ku reli, kuko disiki za Choc Stars ao za Anti-Choc ya Bozi Boziana, usiziuze kwa benye banazikata kutengeneza saa za ukuta. Anazitafuta toka zamani, anabadilisha disiki kwa disiki ao analipa cash, na atakucheza hiyo disiki pande zote mbili ukiwa umekaa pale.